USALAMA WA BAHARI YETU: MABWANA WAMEPATANA, SISI TUKO WAPI?

Ndugu wafanya kazi,

Mwenzetu mmoja, mtu wa kufunga makontena, alifika alfajiri kwenye lango la bandari moja ya pwani hii kuingia zamu. Akaweka pasi yake kwenye mashine, lango halikufunguka. Akajaribu tena, halikufunguka. Askari akamwambia, "Simama kando, mzee." Akasimama kando mpaka jua la saa nne. Mwisho akapewa maneno matatu tu: "Mambo ya usalama." Hakuambiwa kosa lake wala hakuonyeshwa karatasi. Wiki tatu nzima alikaa nyumbani bila kazi. Kisha siku moja pasi ile ile ikafungua lango ile ile asubuhi, na hapana mtu aliyemwambia hata pole. Mshahara wa wiki tatu ulipotea baharini.

Basi leo na tuseme juu ya huo "usalama". Neno hili limekuwa kubwa sana. Linajenga kuta, linaleta kamera, linafunga malango, linaita mabwana kwenye mikutano. Nasi tunaokaa ndani ya kuta hizo mchana na usiku hatuulizwi neno.

MAPATANO NI MEMA, LAKINI...

Tusije tukasingiziwa. Sisi hatupingi nchi jirani kushirikiana kulinda bahari. Mwizi wa baharini hana mpaka. Leo yuko Somalia, kesho yuko Comoro, kesho kutwa shehena yake iko Kilindini. Nchi moja peke yake haimwezi.

Mwezi wa Januari 2009 serikali za upande huu wa Bahari ya Hindi zilikutana Djibouti zikapatana kupigana na uharamia. Vikawekwa vituo vitatu vya kupashana habari: Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Mwaka 2017 zikakutana Jeddah, mapatano yakapanuliwa yakaingiza biashara ya silaha, dawa za kulevya, usafirishaji wa watu na uvuvi wa wizi. Tena iko ofisi Antananarivo, Madagaska, ambayo hukusanya habari za vyombo vinavyopita, na nyingine Shelisheli ambayo huagiza nani aende kukamata. Kenya imo katika mpango huo.

Hayo yote ni mema. Lakini mapatano hayo ni ya serikali na serikali. Wanaozungumza ni mawaziri, wanamaji, polisi na wenye kutoa fedha kutoka Ulaya. Kuli, baharia, dereva wa kreni na karani wa shehena wanasikia habari baada ya wino kukauka.

Na mapatano ya juu peke yake tunayajua mwisho wake. Tangu 1948 bandari za Kenya na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja pamoja na reli. Mwaka 1969 bandari zikapewa shirika lake, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara zote pamoja. Mwaka 1977 wakubwa walipogombana Jumuiya ikavunjika, kila nchi ikachukua bandari yake. Umoja unaokaa ofisini tu huondoka siku mwenye ofisi anapokasirika.

NANI ANAYETEKWA KWANZA?

Mabwana husema kwamba usalama ni kazi ya askari, si kazi ya chama. Na tutazame ni nani anayelipa pale usalama unapokosekana.

Mwezi wa Juni 2005 meli Semlow ilitoka Mombasa na tani 850 za mchele wa msaada kwa Wasomali. Maharamia wakaiteka. Ndani yake walikuwa mabaharia kumi: Wakenya wanane, fundi wa mitambo Mtanzania, na nahodha kutoka Sri Lanka. Walikaa mateka kama siku mia moja. Wake zao na watoto wao walikuwa hapa hapa pwani, wakingoja simu.

Je, manowari za dunia zilikuja mbio? Ulinzi wa kusindikiza meli za chakula ulianza Novemba 2007. Novemba 2008 ikatekwa Sirius Star, meli ya mafuta yenye mapipa milioni mbili, mbali sana mashariki ya Mombasa. Desemba 2008 manowari za Umoja wa Ulaya zikaanza kazi. Mchele na mabaharia kumi wa Mombasa mwaka 2005. Mafuta mwaka 2008. Kila mtu ahesabu mwenyewe.

Na wala mambo haya hayajaisha. Tarehe 1 Januari 2023 wenye meli waliondoa bahari yetu katika orodha ya maeneo ya hatari kubwa. Desemba mwaka huo huo maharamia wakateka Ruen. Machi 2024 wakateka Abdullah, iliyotoka Maputo na makaa ya mawe na mabaharia 23 wa Bangladesh. Mwezi huo huo, karibu na Aden, kombora liliipiga True Confidence, wakafa mabaharia watatu. Waliokufa hawakuwa wenye meli. Walikuwa Wafilipino wawili na Mvietnamu mmoja, watu wa mshahara kama mimi na wewe.

SOMO LA BEIRUT

Wengine watasema, hayo ni ya baharini. Bandarini tuna ukuta, tuna kamera, hatuna shaka. Basi na tutazame Beirut.

Mwaka 2013 meli kuukuu jina lake Rhosus ilitoka Georgia na tani 2,750 za naitreti ya amonia, chumvi itumikayo kwa mbolea na kwa baruti. Shehena ile ilikuwa inakwenda Beira, Msumbiji, yaani pwani yetu hii. Ikaingia Beirut, ikazuiwa. Mwenye meli akaitupa. Nahodha na mabaharia watatu wakazuiwa ndani yake karibu mwaka mzima, bila mshahara, wakiandika barua kuomba msaada. Walipoachiliwa mwaka 2014 shehena ikawekwa ghalani, ikasahauliwa na wakubwa. Tarehe 4 Agosti 2020 ikalipuka. Wakafa zaidi ya watu 200, na kati yao wafanya kazi wa bandari na wazima moto walioitwa kuzima ghala wasiloambiwa lina nini ndani.

Hapo hapakuwa na haramia wala gaidi aliyeruka ukuta. Shehena ile ilipita mlangoni na karatasi zake. Hatari ilikuwa ni tajiri aliyetupa mabaharia wake, na ofisi zilizoandikiana barua miaka sita bila kutenda. Mabaharia wale walijua wamekalia nini. Sauti yao haikuwa na nguvu.

Ndiyo maana twasema: mshahara wa baharia ni jambo la usalama. Meli iliyotupwa ni hatari kwa bandari nzima. Kenya iliukubali Mkataba wa Kazi za Mabaharia mwaka 2014. Tangu 2017 mkataba huo wamtaka mwenye meli aweke dhamana ya fedha, mabaharia wakitupwa walipwe na kurudishwa kwao. Tangu Desemba 2020 wasema pia kwamba baharia aliyetekwa na maharamia aendelee kupata mshahara wake muda wote wa kutekwa. Je, mmeelezwa habari hizi? Mngeelezwa na nani, kama si chama?

SOMO LA DURBAN

Sasa na tutazame ushirikiano wa nchi jirani ambao haukuanza hotelini.

Aprili 2008 meli ya Kichina, An Yue Jiang, ilifika Durban. Ndani yake mlikuwa na silaha za kwenda Zimbabwe, pamoja na risasi milioni tatu, wakati wananchi wa Zimbabwe wanapigwa kwa sababu ya uchaguzi. Zimbabwe haina bahari, kwa hivyo ilikuwa lazima silaha zipite kwa jirani. Serikali ya Afrika Kusini ilisema karatasi ni sawa. Wafanya kazi wa bandari wakasema: sisi hatupakui. Chama chao kikatangaza hivyo. Mahakama nayo ikazuia silaha zisipite. Meli ikang'oa nanga. Habari zikapelekwa kwa vyama vya bandari nyingine, nazo bandari za jirani zikakataa silaha hizo. Mwisho China ikatangaza kwamba silaha zinarudi.

Hapo makuli hawakuwa na manowari hata moja wala kamera za angani. Walikuwa na mikono yao, simu, na umoja wao. Huo ndio ushirikiano wa usalama, na yeyote asemaye kwamba mfanya kazi hajui mambo ya usalama, na aende Durban akaulize.

Tulinganishe na kwetu. Septemba 2008 maharamia waliteka Faina, iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33 na silaha nyingine. Dunia nzima ilijua kilichomo katika meli ile kwa sababu ya maharamia. Ikafika Kilindini Februari 2009. Ni aibu kwamba haramia ajue shehena kabla ya mtu atakayeipakua!

WATASEMA NYINYI NDIO WEZI

Najua jibu lao. Watasema: "Dawa za kulevya na mali ya wizi hupita kwa mikono ya wafanya kazi. Tukiwapa siri tutakuwa tumempa fisi bucha."

Jibu letu ni hili. Kati yetu wako wezi, kama walivyo katika kila kazi, na chama hakimtetei mwizi. Lakini kontena lafika na lakiri yake. Karatasi zaandikwa ofisini. Ruhusa yatiwa sahihi na mtu mwenye kalamu, si mtu mwenye kamba. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi nje ya Mombasa likiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini ndani ya mifuko ya saruji. Je, kuli ana fedha za kununua kilo elfu moja za heroini? Kuli akikamatwa na pakiti hupigwa picha gazetini. Mwenye mzigo hunywa chai.

Tena, anayekaa na shehena ndiye wa kwanza kuona jambo si la kawaida: lakiri iliyobadilishwa, kontena linalotoa harufu, uzito usiolingana na karatasi. Lakini mtu mwenye kazi ya kibarua, aliyeandikwa kwa siku na kufukuzwa kwa siku, atathubutu kusema? Akisema, kesho serahangi hamchukui. Kibarua mwenye hofu ni tundu kubwa katika uzio kuliko tundu lolote la waya.

Na hili si wazo letu peke yetu. Sheria za usalama wa meli na bandari zilizoanza tarehe 1 Julai 2004, zenye ngazi tatu za tahadhari na mkuu wa usalama katika kila gati, zenyewe zakumbusha serikali kwamba baharia huishi melini na ahitaji kushuka nchi kavu. Na Desemba 2003 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Bahari Duniani yaliandaa mwongozo wa usalama bandarini, katika mkutano wa serikali, matajiri na wafanya kazi. Mwongozo huo wataka wafanya kazi na vyama vyao washirikishwe. Si sheria ya kumlazimisha mtu, ndiyo maana yafaa tuudai.

TUNATAKA NINI?

1. Kiti cha chama katika kila kamati ya usalama wa bandari, na kiti cha vyama vya bandari na mabaharia katika mikutano ya nchi hizi juu ya bahari.

2. Pasi isichukuliwe bila sababu kuandikwa na mtu kupewa nafasi ya kujitetea akiwa na mjumbe wa chama. Akionekana hana kosa, alipwe siku zake. Wazee wetu walivaa kipande shingoni ndani ya kopo la chuma, na kila askari alikuwa na haki ya kukidai. Hatukupata Uhuru ili tuvae kipande cha plastiki.

3. Shehena ya hatari itangazwe kwa genge zima kabla ya kuguswa, kwa Kiswahili, si kwa karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa nyuma ya mlango.

4. Mafunzo ya usalama yafanywe saa za kazi na kwa mshahara, nao vibarua wafunzwe vile vile.

5. Mfanya kazi anayetoa habari ya hatari alindwe asifukuzwe.

6. Baharia wa nchi yoyote aruhusiwe kushuka, na meli iliyotupwa itangazwe siku hiyo hiyo kwa vyama vya bandari zote za jirani.

Jambo la sita, ndugu zangu, twaweza kulianza sisi wenyewe bila kungoja waziri. Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, Mtwara: lugha ni moja, meli ni zile zile, matajiri mara nyingi ni wale wale. Meli yenye mabaharia wasiolipwa ikiondoka kwetu leo, kesho kutwa iko kwa ndugu zetu. Kila tawi na lichague mtu mmoja wa kuandika jina la meli na habari yake na kumpelekea mwenzake wa bandari inayofuata. Gharama yake ni simu moja.

Mabwana wameunganisha bahari yao. Nasi na tuunganishe yetu. Jambo hili litaletwa katika mkutano wa tawi unaofuata. Njooni mseme, na mwenye habari ya pasi iliyozuiwa aje nayo imeandikwa: tarehe, saa na maneno aliyoambiwa langoni.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama wenu, Kilindini

(Ukisha kusoma, mpe mwenzako wa zamu ya usiku.)