Kuku hana jasho

SOKONI CUSTOM
Na Lado Wani

Kando ya trei za mayai yaliyoletwa na malori kutoka Uganda kupitia Nimule, Custom sasa unauzwa pia unga wa kijani kwenye vifuko. Ni majani ya mlonge. Changanya na chakula cha kuku wa mayai, unaambiwa, na joto halitawaweza.

Joto lenyewe tunalijua. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima, na Februari 2025 ikazifunga tena baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Watoto walirudishwa nyumbani. Kuku wakabaki chini ya mabati.

Kuku hana tezi za jasho. Hutweta mdomo wazi, mbawa kaziachanisha na mwili. Anavyozidi kutweta ndivyo anavyopoteza hewa ya kaboni, ambayo mwili wake huihitaji, pamoja na kalisi, kutengeneza ganda la yai. Ndiyo maana mayai ya msimu wa joto huvunjika mkononi hata kama chokaa umewamwagia debe zima. Tena kuku mwenye joto hali. Sasa huo unga uliochanganywa kwenye chakula asichokigusa utamfikiaje?

Mlonge siudharau. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulijaribu majani yake badala ya mashudu ya alizeti kwa kuku wa mayai Tanzania, na asilimia 10 ndiyo iliyopendekezwa. Hapo yalikuwa chakula chenye protini, si kinga ya joto. Tangawizi, manjano na habasoda navyo vimejaribiwa kwa kuku waliozidiwa na joto, na husaidia mwili kupambana na madhara yake. Banda la mabati havilipozi.

Kinachoniudhi ni mfugaji anayenunua kifuko huku akiwabania kuku maji, eti pipa limepanda bei. Aanze na maji ya mtungini, yabadilishwe mchana, na nyasi juu ya mabati. Chakula akitoe alfajiri na jioni, kuku wanapokuwa na hamu.

Mwenye mti wa mlonge uani hana haja ya kifuko. Akaushe majani kivulini, maana jua kali huharibu vitamini, ayasage, kisha achanganye kilo moja ya unga kwa kilo 20 za chakula. Saa kumi na moja alfajiri awape, kabla mabati hayajaanza kuwaka.