Wa Pili Kutoka Mwisho

Kiingereza kina neno "penultimate" kwa kitu kinachotangulia cha mwisho, "antepenultimate" kwa cha tatu kutoka mwisho, na hata "preantepenultimate" kwa cha nne. Wanafunzi wenzangu huyakariri maneno hayo pamoja na ndugu zao wa Kifaransa, kisha husema Kiswahili ni maskini kwa kuwa hakina mfano wake. Mimi nakataa.

Tutazame asili yake. Kwa Kilatini, "paene" ni karibu, "ultima" ni ya mwisho, "ante" ni kabla, na "prae" pia ni kabla. Basi neno la cha nne lasema: kabla ya kabla ya karibu na mwisho. Humo hamna hesabu, mna viambishi vilivyorundikwa. Si ajabu kwamba hata baadhi ya wenye Kiingereza chao hudhani "penultimate" ni kitu bora kupita vyote.

Sisi husema ya pili, ya tatu, ya nne kutoka mwisho. Mtoto wa shule ya msingi anaelewa, na ataendelea hadi ya kumi bila kamusi. Sharti ni moja: tukubaliane kwamba ya mwisho yenyewe ndiyo ya kwanza kuhesabiwa.

Tena jambo hili ni letu zaidi. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: Kindu kwenye "Ki", Maniema kwenye "e", Alunguli kwenye "ngu". Ukisema kitabuni badala ya kitabu, mkazo unahama kutoka "ta" kwenda "bu". Maneno machache hukaidi. Barabara ya magari ina mkazo kwenye "ba" ya pili. Barabara yenye maana ya sawasawa inao kwenye "ra" ya kwanza, silabi ya tatu kutoka mwisho.

Mwanafunzi wa hapa Alunguli anayeionyesha silabi hiyo kwa kidole, kisha akakatwa pointi kwa kukosa neno la Kilatini, amepimwa kumbukumbu, si isimu. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa letu. Nawaomba walimu wetu walipokee jibu la Kiswahili kwenye mtihani. Maneno ya kigeni tutajifunza pia, lakini yaje baada ya kulielewa jambo lenyewe.