Aliyechimba Mifupa Akaacha Mwanafunzi



Siku ya Wanafunzi wa Zamani mwaka huu, mgeni mmoja alitutaka sisi wa Kidato cha Sita tusimame mmoja mmoja, kila mtu ataje kazi anayoitamani. Daktari, injinia, mwanasheria, daktari tena. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mwalimu wa sayansi." Ukumbi mzima ulicheka. Mgeni naye akatabasamu, akasema, "Huyu nadhani anaogopa mtihani." Sikujibu, maana si adabu kumjibu mkubwa mbele ya watu. Lakini gazeti hili ni uwanja wa mawazo yetu, basi leo najibu kwa heshima zote.

Jibu langu ni habari za Louis Jacobs, Mmarekani, mtaalamu wa dinosauri, yaani wale wanyama wa kale ambao mifupa yao imegeuka mawe. Yeye hakuanza na wanyama wakubwa. Masomo yake ya udaktari yalihusu panya wa kale wa Pakistan, ambao meno yao ni madogo kama punje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifanya kazi Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kisha akawa mwalimu wa Southern Methodist University katika mji wa Dallas, na tangu mwaka 1984 akawa akija kutafuta mifupa karibu na Karonga, kaskazini mwa Malawi.

Mifupa ya huko ilikuwa imekwisha kuonekana zamani. Frederick Dixey, mpimaji wa miamba wa serikali ya kikoloni, aliichimba mwaka 1924, na mwaka 1928 mtaalamu aitwaye Haughton akampa mnyama yule jina. Kisha kazi ikalala miaka mingi. Jacobs na wenzake walipochimba tena walipata mifupa zaidi, wakaona kwamba jina lile la kwanza halikufaa. Mwaka 1993 wakamwita mnyama yule Malawisaurus. Mwaka huo huo Jacobs alitoa kitabu juu ya dinosauri wa Afrika, alichowaandikia watu wote na si wataalamu peke yao.

Hayo ni mambo makubwa, lakini siyo ninayoyasifu zaidi. Tazameni majina ya walioandika taarifa ile ya mwaka 1993. Ni manne: Jacobs, Winkler, Downs na Gomani. Huyu wa nne ni Elizabeth Gomani, binti wa Malawi. Alisoma kwa Jacobs huko Dallas hata akapata shahada ya udaktari. Mwaka 1997 yeye mwenyewe alieleza habari za mamba mdogo wa kale wa Karonga, akamwita Malawisuchus, na jina la pili la mamba huyo akalitoa katika jina la mahali alipopatikana, Mwakasyunguti. Mwaka 2005 akamtaja dinosauri mwingine, Karongasaurus. Baadaye alishika kazi ya Mkurugenzi wa Utamaduni katika serikali ya Malawi. Na mjini Karonga yako makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 2004, ambamo mtoto wa shule aweza kusimama chini ya mfano wa mifupa ya Malawisaurus na kujua kwamba mnyama huyu ni wa kwao.

Sasa linganisheni na Tendaguru, karibu na Lindi, nchi jirani ya Tanzania. Huko Wajerumani walichimba tangu mwaka 1909 hata 1913. Mamia ya watu walifanya kazi, na mizigo ilibebwa kwa vichwa na mabega mpaka pwani. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari. Mnyama mmoja wa huko amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937, naye ana kimo cha zaidi ya meta 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mikono yake iliijua mifupa ile kuliko wasomi wengi. Lakini vitabu viliandikwa na wengine. Mwaka 2007, karibu miaka 100 baadaye, ndipo mtaalamu wa Kijerumani alipompa dinosauri mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti.

Heshima hiyo ni njema, lakini imemkuta kaburini. Je, Boheti angalifundishwa kama Gomani alivyofundishwa, tungalisoma nini leo kwa kalamu yake? Hapa ndipo naona tofauti. Tendaguru ilitoa mifupa mingi kupita Karonga, lakini Karonga ilitoa mwanafunzi, na mwanafunzi huyo akaendelea na kazi. Mfupa ukikaa kabatini hauzai mfupa mwingine. Mwalimu mmoja huzaa walimu.

Najua mtakayosema. Mwalimu hali majina ya Kilatini. Ni kweli, na sitawadanganya kwamba mshahara haunitishi. Mjomba wangu ameuza ng'ombe wawili kunilipia karo, naye anangoja niwe daktari. Kumwambia vingine ni kazi ngumu kuliko mtihani wowote. Tena wagonjwa wahitaji madaktari. Sina neno nao. Nauliza tu: madaktari hao, nani aliwaonyesha moyo wa chura kwa mara ya kwanza?

Katika maabara yetu liko kabati la mawe, nanyi wanafunzi wa zamani mwalikumbuka. Ndani yake mna mawe ya rangi nyingi, na vipande viwili vifananavyo na mifupa. Karatasi za maelezo zimeliwa na mende. Aliyevikusanya alivijua bila shaka, lakini elimu yake alikwenda nayo. Tangu niingie shule hii nimeuliza walimu na wanafunzi, na hakuna anayejua vilitoka wapi.

Kaka zetu, kila mwaka mwatuletea fedha za rangi na mabati, nasi twashukuru. Mwaka ujao, kama miongoni mwenu yuko aliyesoma mambo ya miamba, na aje Jumamosi moja tulifungue kabati lile pamoja. Karatasi mpya nitaziandika mimi. Na fomu ya chuo nitaijaza likizo hii, baada ya kwenda kijijini kuzungumza na mjomba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita