Kompyuta si Mkuu wa Vipindi

MIEZI michache iliyopita nilikuwa safarini ndani ya basi, kutoka Nyakanazi kwenda Ngara mjini. Tulikuwa tumekwisha kuipita Nyakahura, na dereva alikuwa ameipandisha sauti redio yake kwa sababu ilikuwa ni saa ya matangazo ya vifo. Wasomaji wanaoufahamu Mkoa wa Kagera hawahitaji kuelezwa uzito wa saa hiyo. Mazungumzo hukoma. Mtangazaji alisoma kwa sauti ya heshima jina la marehemu, kijiji chake, siku ya maziko, na majina ya watoto na wajukuu walioko mbali wanaoarifiwa popote walipo. Alipofika mwisho, kabla msiba haujatua mioyoni mwa wasikilizaji, ukafumuka wimbo wa kusifu bia na viuno. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alijifunika uso kwa kanga.

Kituo kile si cha Ngara wala cha Biharamulo, na jina lake halina umuhimu hapa. Lakini nina ndugu mmoja anayefanya kazi huko, nami nilimpigia simu jioni ile ile kumwuliza ni nani aliyeupanga wimbo ule mahali pale. Alinijibu bila kusita: "Si mtu, ndugu yangu. Ni kompyuta."

Jibu hilo ndilo ninalotaka kulipinga. Ni jibu la mtu aliyekabidhi kazi yake kwa chombo, kisha akakitupia chombo lawama. Sisi tulio karibu na utumishi wa umma tunalijua vizuri: zamani lilikuwa "faili halijarudi", na siku hizi limekuwa "mfumo unasumbua". Sasa limeingia katika vyumba vya matangazo, na huko madhara yake ni makubwa zaidi, kwa maana faili lililopotea humwumiza mwananchi mmoja, bali redio husikika katika kila nyumba.

Kwanza tuelewe mashine yenyewe, maana wengi huisifu au huilaani bila kuijua. Programu za kupanga muziki si jambo la jana. Kampuni ya RCS, iliyoeneza programu iitwayo Selector, ilianzishwa Marekani mwaka 1979, mwaka ule ule ambao majeshi yetu yalikuwa yakimfukuza nduli Idi Amin. Kazi yake ni rahisi kueleza. Kila wimbo huandikiwa maelezo yake: jina, msanii, lugha, urefu, mwendo, kama ni wa furaha au wa majonzi, na saa unazoruhusiwa kupigwa. Nyimbo hugawanywa katika mafungu. Kisha huchorwa saa, yaani huamuliwa kwamba katika dakika sitini za asubuhi wimbo wa kwanza utoke fungu hili, wa pili fungu lile, na baada ya taarifa ya habari ufuate wimbo wa namna fulani. Mwisho huwekwa masharti: msanii asirudi kabla ya muda fulani kupita, nyimbo mbili za mwendo wa pole zisifuatane, na kadhalika. Mashine huzishika amri hizo, ikapanga orodha ya siku nzima kwa muda mfupi kuliko tunaotumia kunywa chai.

Basi ni dhahiri kwamba mashine haikuchagua chochote. Aliyechagua ni yule aliyeandika maelezo, aliyegawa mafungu na aliyeweka masharti. Na pale ambapo hakuna aliyefanya kazi hiyo, aliyechagua ni fundi wa ng'ambo, ambaye hajawahi kuliona pori la Burigi wala kusikia jina la Biharamulo.

Wakazi wa Ngara, kuliko Watanzania wengine wote, hawana ruhusa ya kudhani kwamba muziki wa redio ni burudani tu. Julai 1993 kituo cha RTLM kilianza matangazo yake Kigali, ng'ambo ya mto Kagera. Hakikuwapata wasikilizaji wake kwa hotuba. Kiliwapata kwa muziki mtamu na mazungumzo ya kijiweni, hata vijana wakakizoea kama rafiki. Ilipofika Aprili 1994 rafiki huyo alikuwa akitaja majina ya watu wa kuuawa, na kati ya jina na jina alipiga nyimbo. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, katika muda wa saa 24 hivi, yapata watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na Benaco ikageuka mji. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia vita, na walikuwamo pia waliotoka kuua.

Mwaka 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Ilimtia hatiani kwa maneno ya uchochezi aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani. Kuhusu nyimbo zake, mahakama iliona kwamba zilitumiwa kweli katika kampeni ya uchochezi mwaka 1994, ila haikuthibitika kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyezipeleka hewani. Jambo hilo yatupasa kulitafakari. Wimbo ulitungwa na mtu mmoja na ukapangwa na mwingine, na huyo mpangaji alikuwa na mkono wake mwenyewe katika yale yaliyotokea. Lau angalikuwa na kompyuta ya leo, je, tungalimkubalia aseme "si mimi, ni mashine"?

Ni katika wilaya hiyo hiyo ya Ngara ambako, mwaka 1995, shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, JRS, lilianzisha Redio Kwizera, jina lenye maana ya kuamini na kutumaini, ili wakimbizi na wenyeji wao wapate sauti isiyokuwa ya chuki. Historia hiyo inawapa watangazaji wa kanda hii dhima ambayo wenzao wa Dar es Salaam hawana. Kihangaza na Kishubi ni jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Wimbo upigwao Ngara huwafikia watu wa nchi tatu. Kwa sababu hiyo sharti la kwanza katika kituo cha mpakani halina budi kuwa hili: wimbo wa lugha yoyote usiingizwe katika kompyuta mpaka mtu aijuaye lugha hiyo sawasawa ameusikiliza hadi mwisho, akaandika maana yake, na akaweka jina lake chini. Kompyuta husoma jina la wimbo. Haisikii mafumbo.

Nije kwenye kasumba. Desemba 1962, alipokuwa akiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba wengi wetu tuliijua rumba na chachacha lakini hatukuzijua ngoma zetu kama gombe sugu na lelemama. Kasumba ile ilikuwa ndani ya vichwa vya watu. Ya leo imewekwa ndani ya mashine kabla haijafika bandarini. Mafungu ya programu hizi yametungwa kwa ajili ya soko la Marekani na Ulaya. Kijana anayeajiriwa kituoni hukuta majina ya mafungu yamekwisha kuandikwa, naye huyajaza. Enanga aiweke wapi? Ngoma za Wahangaza aziweke wapi? Kwaya ya Rulenge je? Hazina pa kukaa, basi huzisukumia katika fungu liitwalo "Nyinginezo", na fungu hilo hupangiwa saa tisa usiku, wakati ambapo wasikilizaji ni walinzi na madereva wa malori yaendayo Kabanga. Enanga hiyo ndiyo ambayo Profesa Mulokozi aliiona inastahili tasnifu nzima ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Kwetu hewani ni "Nyinginezo"!

Wapo watakaonijibu kwamba wasikilizaji hawazitaki. Hoja hiyo ilikwisha kufa mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Saida Karoli alipoimba kwa Kihaya na nchi nzima, hadi watu wasioelewa hata neno moja, ikaimba naye. Watu hawawezi kuutaka wimbo ambao hawajawahi kuusikia.

Na hapa kuna hesabu ndogo ambayo walimu wa hisabati watanisaidia kuifundisha. Tuseme fungu lina nyimbo 48, na kila saa hupigwa nyimbo 4 kutoka katika fungu hilo kwa zamu. Fungu litazunguka kwa saa 12 kamili. Maana yake, nyimbo nne zinazopigwa saa 12 asubuhi leo ndizo zitakazopigwa saa 12 jioni, na saa 12 asubuhi kesho, na keshokutwa, hata milele. Mwalimu wa Runazi anayesikiliza redio saa ile moja kabla ya kwenda shuleni atasikia nyimbo nne za fungu hilo mwaka mzima, na zile 44 hatazisikia kamwe. Atasema kituo kimefilisika nyimbo. Ongeza nyimbo tano tu, ziwe 53, na mzunguko huwa saa 13 na robo: wimbo wa saa 12 asubuhi ya Jumatatu hurudi saa 1:15 usiku, kisha saa 2:30 asubuhi ya Jumanne, na hivyo hivyo hutembea mchana kutwa mpaka kila msikilizaji aupate. Nyimbo tano za kwetu, zikiingizwa kwa akili, hurekebisha hesabu na kurekebisha utamaduni kwa mkupuo mmoja. Lakini lazima awepo mtu wa kukaa na kalamu na karatasi.

Mfano mwingine wa uvivu tunaousingizia mashine: bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mzee yeyote aliyekuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi anajua kwamba ni bendi moja. Kompyuta haijui. Ukiiandika kwa majina manne bila kuyaunganisha, sharti la kutorudia msanii halitafanya kazi, na utasikia bendi moja mara tatu ndani ya saa moja huku orodha ikionyesha wasanii watatu. Kadhalika Mbaraka Mwinshehe, aliyeimba na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano.

Sisemi mashine itupwe. Wanaotaka kurudi kwenye enzi ambapo mtangazaji alipiga apendacho wamesahau kwamba enzi hiyo nayo ilikuwa na maovu yake. Bahasha ilipita chini ya meza, na wimbo wa mwenye bahasha ukapigwa asubuhi, mchana na jioni. Mashine ikitumiwa vizuri huukata mkono huo. Ila tusijidanganye: hongo haikufa, imehama chumba. Zamani alihongwa mtangazaji; leo hutafutwa yule mwenye neno la siri la programu, kwa kuwa kwa kubonyeza mara moja tu anaweza kuutoa wimbo katika fungu la mara moja kwa siku na kuutia katika fungu la mara sita. Kwa hiyo kila badiliko la fungu liandikwe katika daftari, na lisifanywe na mtu mmoja peke yake.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Januari 2022 Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, iligawa mirabaha kwa wasanii kutokana na kazi zao kutumika. Hesabu ya mirabaha hutegemea nyimbo zilizopigwa kweli. Orodha iliyopangwa na kompyuta si orodha ya nyimbo zilizopigwa: umeme hukatika, mgeni wa kipindi huzidisha muda, mtangazaji huruka nyimbo mbili ili awahi taarifa ya habari. Kituo kinachopeleka orodha ya mipango badala ya orodha iliyolinganishwa na yaliyorushwa hewani kinamnyima jasho lake msanii mmoja na kumpa mwingine. Huo ni unyonyaji, hata kama umechapwa vizuri.

Tumefika kwa maofisa utamaduni na walimu, ambao ndio hasa ninaowaandikia. Sera ya Utamaduni tunayo tangu 1997. Kinachokosekana ni nyimbo zenyewe, zikiwa zimerekodiwa na kuandikiwa maelezo. Kila shule ya Ngara na Biharamulo ina kwaya, na karibu kila kijiji kina wazee wa ngoma. Simu ya mwalimu inatosha kurekodi, japo studio ni bora zaidi. Pamoja na sauti aandike jina la mtunzi, kijiji, lugha, shughuli ambayo wimbo huimbwa, na maana yake kwa Kiswahili. Maelezo hayo ndiyo mashine inayoyahitaji, na hakuna kampuni ya Marekani itakayotuandikia. Zamani Radio Tanzania ilizirekodi bendi na ngoma zetu katika kanda, na kanda hizo zikawa hazina ya taifa. Wakati ule hakukuwa na kompyuta, ila palikuwa na watu waliolipwa kwa kazi ya kusikiliza.

Na tusisahau msiba, nilikoanzia. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 ilitangazwa kwamba Rais Magufuli amefariki, yeye aliyezaliwa Chato wakati Chato ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Biharamulo. Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani Bukoba, wakafariki watu 19. Habari kama hizo hazingoji mkuu wa vipindi aamke. Kituo kinachoiacha kompyuta peke yake usiku kucha, bila orodha ya msiba iliyokwisha kuandaliwa na bila mtu wa zamu anayejua kuiweka, kitacheza dansi juu ya kaburi.

Juma lililopita nilimpigia tena ndugu yule wa kituoni. Aliniambia kwamba saa ya matangazo ya vifo imechorwa upya: baada ya tangazo la mwisho sasa kuna fungu la pekee, lenye kwaya na enanga tupu, na hakuna wimbo mwingine unaoruhusiwa hapo. Nilimwuliza kazi hiyo ilichukua muda gani. Alicheka kidogo, akasema dakika kumi.