Maji Hayafuati Kalenda

Yapo mambo mengi ambayo mtu huyapanga kwa kalamu na karatasi, na yakatimia kama yalivyoandikwa. Karani hupanga majalada yake, mkulima huhesabu mifuko ya mbolea kwa kila ekari, na hesabu ikiwa sawa, kazi nayo huwa sawa. Lakini safari ya mtumbwi ya siku nyingi katika nyika isiyo na watu si jambo la namna hiyo. Humo yumo mshirika mmoja asiyesoma karatasi yetu, naye ni maji.

Juma hili twapenda kuzungumza juu ya kuipanga safari hiyo, na tutatumia mfano wa mahali hasa, maana shauri lisilo na mahali husahauliwa upesi. Wako vijana wa kwetu wanaokaa Kanada kwa masomo au kwa kazi, na huko kupiga kafi maziwani ni mchezo mkubwa wa kiangazi. Huenda mwanao au mdogo wako akaalikwa na wenzake, naye akakuandikia kutaka shauri. Yafaa uwe na la kumjibu.

Katika jimbo la British Columbia, upande wa magharibi wa Kanada, iko hifadhi ya maziwa ya Bowron. Haiko mbali na Barkerville, mji wa kale uliozaliwa na dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1862, na jina lake limetoka kwa John Bowron, ofisa wa serikali aliyesimamia mambo ya dhahabu katika nchi ile. Sehemu hiyo ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1925, na mwaka 1961 ikafanywa hifadhi rasmi ya jimbo. Maziwa yake yamejipanga kwa namna ya ajabu. Yameizunguka milima pande zote, hata mtu akianza safari asubuhi moja na kufuata ziwa baada ya ziwa, mwisho hurudi pale pale alipoanzia. Mzunguko wote ni kilometa 116, yaani karibu maili 72, nao humalizwa kwa muda wa siku 6 hadi 10.

Mtu akitazama ramani na kuona 116, aweza kusema, “Kilometa 20 kwa siku si nyingi, siku 6 zatosha.” Hapo ndipo hesabu inapoanza kudanganya. Maziwa hayo hayakuunganika yote. Kati yake ziko njia za nchi kavu ambapo msafiri hugeuka mpagazi, akabeba mtumbwi na mizigo yake yote mpaka maji mengine. Ukizijumlisha njia hizo zote, ni kama kilometa 11. Lakini mtu asiyeweza kubeba vyote kwa safari moja hupeleka mzigo wa kwanza, hurudi mikono mitupu, kisha hupeleka wa pili. Basi kila njia ameipita mara tatu, na kilometa 11 zimekuwa 33. Hizo haziandikwi katika ramani, lakini miguu na mabega huzijua.

Wengi huko hutumia kigari cha magurudumu mawili chini ya mtumbwi. Hata hivyo wenye hifadhi hawaruhusu mtumbwi uliowekwa juu ya kigari kubeba zaidi ya ratili 60 za mizigo, yaani karibu kilo 27, ili njia zisiharibike. Mizigo hupimwa kwenye mizani kabla ya kuondoka, na kilichozidi huenda mgongoni. Tena angalieni jambo hili: njia tatu za kwanza ni kilometa 2.4, kisha 2, kisha 1.6. Zaidi ya nusu ya upagazi wote uko mwanzoni, wakati chakula hakijapungua hata kidogo. Kwa hiyo mwenye akili huipima mizigo yake nyumbani. Hapana budi aondoe sufuria ya pili, viatu vya tatu na kila kitu alichokitia kwa kusema “huenda kikafaa.” Chakula cha akiba tu ndicho kisichoguswa, na sababu yake itaonekana.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Kwetu mvua ikinyesha sana katika Mlima Kenya, kila mtu wa Garissa ajua kwamba Mto Tana utajaa, hata kama juu yake mbingu ni kavu. Huko Bowron mambo ni mengine. Milima huhifadhi theluji wakati wote wa baridi, na jua la mwezi wa Mei na Juni ndilo liifunguliayo mlango. Basi siku nzuri, yenye jua kali na mbingu safi, ambayo mgeni huisifu kuwa siku njema ya safari, ndiyo inayojaza mto. Mito itokayo moja kwa moja katika theluji na barafu huelekea kupanda jioni, baada ya jua kufanya kazi mchana kutwa, na kupungua alfajiri baada ya baridi ya usiku. Mvua ikija juu ya theluji inayoyeyuka, maji hupanda zaidi. Lakini mwisho wa Agosti na Septemba theluji imekwisha, na maji hushuka. Mahali palipokuwa na mto wenye nguvu hubaki mawe, na mahali palipokuwa na ghuba hubaki matope na manyasi.

Hivyo hakuna mwezi usio na kodi yake. Anayekwenda Juni hulipa kwa maji makali, baridi na mbu wengi mno. Anayekwenda Septemba hapati mbu, lakini siku ni fupi, usiku waweza kuleta jalidi, naye hushuka mara kwa mara mtumbwini kuuburuta mahali pasipo kina. Si vema kuuliza, “Mwezi gani ni mwema?” Ni afadhali kuuliza, “Kodi ya mwezi gani naweza kuilipa?”

Baridi ya maji yafaa kusemwa peke yake, maana wengi wetu tumezoea maji ya pwani au ya Ziwa Victoria. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amefundisha kanuni ambayo ni rahisi kukumbuka: moja, kumi, moja. Mtu akianguka katika maji ya baridi kali ana dakika 1 ya kuituliza pumzi yake, ana kama dakika 10 kabla mikono na miguu haijakataa kutumika, na ana kama saa 1 kabla hajazimia. Maana yake ni kwamba hodari wa kuogelea hufa kama asiyejua kuogelea, kwa kuwa mikono yake imekataa. Koti la kuelea livaliwe mwilini tangu kafi la kwanza. Likifungwa juu ya mizigo halimwokoi mtu.

Baada ya njia tatu za mwanzo, msafiri huingia Ziwa Isaac, lenye urefu wa kilometa 38. Ni jembamba, limebanwa na milima, na upepo ukiingia katika mfereji huo huinua mawimbi ambayo mtumbwi wenye mizigo hauyawezi. Wenye kulijua huamka alfajiri, hupiga kafi wakati maji yametulia kama kioo, hukaa karibu na ukingo, na upepo ukianza hushuka pwani na kungoja. Hapo msafiri huonjeshwa mara ya kwanza kwamba saa si zake.

Mwisho wa ziwa hilo ndio mahali pa kutafakari kuliko pote. Maji hutoka kwa kasi katika Mto Isaac, hugeuka ghafula, hupiga mawe, na chini zaidi huanguka katika maporomoko. Iko njia ya nchi kavu ya kuyapita, na hakuna aibu yoyote kuitumia. Lakini jambo kubwa ni hili: mpaka hapo mtu angeweza kugeuza mtumbwi na kurudi alikotoka. Akishashuka mto huo hawezi tena kuupanda kwa kafi. Wote huzunguka kwa upande mmoja, kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa, na kutoka hapo kurudi ni kwenda mbele. Maji usiyoyavuka hujui kina chake, wasema wazee. Basi apangaye safari aiandike siku hiyo katika karatasi yake kwa wino mzito, na aweke maswali matatu ya kujibiwa kabla ya kushuka. Je, wote ni wazima? Chakula kilichobaki chapita siku zilizobaki? Maji ya leo ni yale tuliyoelezwa na walinzi, au yamepanda? Jibu moja likiwa baya, hungoja au hurudi, na kurudi huko kusiitwe kushindwa.

Mbele ya hapo ni Mto Cariboo, wenye maji ya rangi ya maziwa kwa ajili ya udongo laini unaosagwa na barafu milimani. Rangi hiyo huficha magogo yaliyozama, na miti iliyoanguka kutoka ukingoni huweza kunasa mtumbwi kama wavu. Mto humwingiza msafiri katika Ziwa Lanezi, kisha Ziwa Sandy, halafu huendelea tena. Hapo yapo maonyo ambayo hayana budi kufuatwa: msafiri hugeuka mkono wa kulia, akaingia kijito cha Babcock. Asiyegeuka hupelekwa na mto kwenye maporomoko makubwa ya Cariboo. Kijito chenyewe hupandwa kinyume cha maji, na kikipungua mtu hushuka akavuta kwa kamba, au akabeba kwa njia ya nchi kavu. Baada ya ziwa dogo la Skoi maji huelekea upande mwingine, na maziwa ya Spectacle na Swan, pamoja na vinamasi vya Mto Bowron, humrudisha msafiri nyumbani.

Sasa tuyaweke yote katika kalenda. Tuseme siku 8 za safari: 2 kwa upagazi wa mwanzo, 2 kwa Ziwa Isaac, 1 kwa mto na maporomoko, 1 kwa Lanezi na Sandy, 2 kwa maziwa ya mwisho. Juu ya hizo hapana budi kuongeza siku 2 ambazo hazina kazi yoyote ila kungoja upepo au maji. Chakula kiwe cha siku 10. Wazee walisema akiba haiozi. Na huko nyikani chakula kiwekwe katika masanduku ya chuma yaliyotengenezwa kwa ajili ya dubu, si ndani ya hema. Kwa kuwa sehemu kubwa haina mtandao wa simu, kifaa cha kupeleka ujumbe kwa setilaiti kina thamani kuliko simu nzuri ya mkononi. Na mtu mmoja nyumbani apewe karatasi ya safari, pamoja na siku ambayo, akiwa hajapata habari, atawaarifu walinzi.

Hatari kubwa kuliko dubu ni ile tarehe ya kurudi kazini. Mtu mwenye likizo ya siku 7 akapanga safari ya siku 7, siku ya tano akakuta mto umejaa, hatautazama mto kwa macho yake mwenyewe. Atautazama kwa macho ya bwana mkubwa wake. Atasema, “Haukuzidi sana.” Si ushujaa unaomshusha majini, ni hofu ya Jumatatu. Kwa hiyo ruhusa ya siku za akiba iombwe ofisini kabla tiketi haijanunuliwa. Asiyeweza kuzipata achague upande wa magharibi peke yake, Bowron, Swan na Spectacle, aende na kurudi kwa siku 2 hadi 4. Hapo atajifunza kazi ya kafi, wala hatapita mlango usio na kurudi.

Tena safari yenyewe huombwa mapema, kwa kuwa serikali ya jimbo huweka kiasi cha mitumbwi inayoondoka kila siku, na kila msafiri hupewa maelezo kabla ya kuingia. Mwambieni kijana wenu asiyasikilize maelezo hayo kama mtu aliyekwisha kuyajua. Aulize mto ulikuwaje jana, na leo asubuhi ukoje. Ramani ilichorwa zamani, lakini mlinzi ameyaona maji ya leo.

Mkulima wa kwetu hakosi kuelewa haya. Hupanda kwa kufuata mvua, na mvua ikichelewa hungoja na mbegu yake mkononi, ingawa kalenda yasema siku imefika. Basi mfundisheni mwana desturi hiyo hiyo aipeleke majini, ili kungoja kwake kuwe sehemu ya mpango wake, naye arudi salama.