"Subaru Ndivyo Zinavyolia": Uongo Unaokula Doo Yako

Kuna sentensi moja ningependa ipigwe marufuku hapa Eldoret: "Hizi Subaru ndivyo zinavyolia."

Umeisikia. Unampelekea fundi gari, unamwambia inavuma ukifika themanini, anakuangalia kama mtu anayelalamika juu ya mvua. Ndivyo zinavyolia. Ama anakupa ile nyingine, mbaya zaidi: "Hiyo ni giaboksi. Leta pesa tubadilishe." Hajaiendesha. Hajaiweka kwa jeki. Hajauliza hata kelele inaanza ukiwa unafanya nini. Daktari akitaka kukupasua tumbo kwa sababu tu umesema linauma, utatoroka. Lakini kwa gari tunalipa, na tunasema asante.

Na msiniambie ni mafundi peke yao. Sisi wasee wa Pioneer tumechangia. Tunaweka eksozi ya kupasua masikio, tunairekodi ikibweka usiku, tunapost TikTok, likes zinaingia. Chini ya kelele hiyo yote beringi inakufa pole pole na hakuna mtu anaisikia. Nimeingia kwa gari ya jamaa fulani hapa mtaani, nikamuuliza hiyo sauti ya huko nyuma ni nini, akaongeza volyumu ya redio. Hiyo ndiyo ilikuwa jibu.

Tuelewane ni gari gani naongelea. Impreza WRX, zile za zamani, kabla ya 2007. Tunazipenda kwa sababu tumekua tukiambiwa hadithi za Safari Rally: Colin McRae akishinda 1997 na Impreza, Richard Burns akirudia na Impreza 2000. Wengi wetu hatukuwa hata tumezaliwa. Sawa, penda. Lakini kumbuka gari la McRae lilikuwa na timu nzima ya mafundi ikilingoja kila kituo. Yako imengojwa na nani? Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo kila WRX ya 2002 unayoiona hapa mjini iliingia kitambo sana. Wewe pengine ni mwenyewe wa tano. Beringi zake zimekula vumbi na mashimo miaka yote hiyo. Kelele lazima ije. Swali ni inatoka wapi.

Na hapo ndipo hizi gari zinachanganya watu. WRX inavuta magurudumu yote manne. Ina difu ya mbele iliyo ndani ya giaboksi, difu ya katikati, difu ya nyuma, propela ya vipande viwili yenye beringi yake hapo katikati, na shafti nne za kwenda kwa magurudumu. Kila moja ya hizo inaweza kulia, na sauti inasafiri kwa chuma. Beringi ya gurudumu la nyuma inaweza kuvuma ukaapa iko chini ya giaboksi.

Muulizeni binamu yangu. WRX yake ya 2002 ilianza kuvuma kuanzia sitini hivi, sauti ikapanda na mwendo. Fundi mmoja, sitamtaja, akasikiza gari ikiwa imesimama, injini inanguruma, akasema giaboksi imeisha. Binamu akatafuta giaboksi iliyotumika kutoka Japani, shilingi 75,000 bila ya kazi. Ikafungwa siku mbili. Wakatoka kujaribu barabara ya Kapsabet, na kabla hawajafika hata karibu na uwanja wa ndege kelele ikawa pale pale, haijapungua hata kidogo. Sasa ikawa "labda ni difu." Nikamwambia wacha kwanza. Tukainua nyuma, tukaweka stendi, tukazungusha gurudumu la kulia kwa mkono huku nimeshika springi. Springi ilikuwa inatetemeka kama simu iliyo vaibreti. Upande wa kushoto, kimya. Ilikuwa beringi ya shilingi elfu nne.

Elfu sabini na tano, wasee. Hiyo ni karo ya mtu.

Sasa jambo linaloniudhi ni kwamba kupata hiyo beringi hakukuhitaji mashine yoyote. Kulihitaji maswali. La kwanza na kubwa kuliko yote: kelele inafuata injini au inafuata mwendo? Tafuta barabara tupu, fika themanini, toa gia uweke nyutro, acha gari ijiendee (usizime injini, utapoteza nguvu ya stiaringi na breki). Kama sauti inabaki vile vile, shida haiko kwa injini wala klachi. Uko kwa beringi, tairi, propela au difu. Kama inashuka pamoja na injini, rudi huko mbele. Sekunde kumi, na umeshaondoa nusu ya gari kwenye orodha ya washukiwa.

Ukiwa bado kwa hiyo barabara, yumbisha gari kidogo kushoto halafu kulia, pole pole, si kama uko Naivasha. Ukikata kushoto uzito unaenda kulia. Kelele ikiongezeka hapo, shuku beringi ya kulia. Lakini kama sauti inabadilika kila lami inapobadilika, angalia tairi kwanza, kwa sababu tairi iliyolika mawimbi inavuma sawa kabisa na beringi. Zungusha tairi za mbele ziende nyuma, uone kama sauti imehama nazo. Hiyo ni bure.

Kelele zingine zinajitaja zenyewe. Ta-ta-ta ukikata kona stiaringi imeisha: sivi ya nje. Inama uangalie, utaona buti limepasuka na grisi imerukia ndani ya rimu. "Kong!" moja ukiachilia mafuta na kukanyaga tena: jointi za propela au bushi zinazoshika difu. Gari iko nyutro, inasaga, ukikanyaga klachi inanyamaza: hiyo sasa ni beringi ya ndani ya giaboksi, na fundi wako yuko sawa. Ukikanyaga klachi ndio inaanza? Rilizi. Kila moja ina lugha yake, na masikio unayo mawili.

Na kabla ya mtu yeyote kukuuzia giaboksi, mwaga oili. Kwa WRX ya gia tano ni lita 3.5 hivi, na oili hiyo moja ndiyo inalainisha giaboksi na difu ya mbele. Angalia ile nati ya kumwagia. Ikiwa na tope laini jeusi, hiyo ni kawaida ya gari la umri huo. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvihesabu, hapo tuongee mambo ya giaboksi.

Kuna mambo mengine mawili yanayoua hizi gari huku tukilaumu Japani. Moja ni nyundo. Beringi za nyuma za hizo WRX zinaingizwa kwa presi. Fundi akiipiga nyundo hadi iingie, amezigonga zile golori zikaacha alama kwa njia yake, na baada ya muda mfupi itaanza kulia upya, halafu utasikia "spea za siku hizi ni feki." Wakati mwingine ni feki kweli. Wakati mwingine ni nyundo. Ya pili ni kununua tairi moja mpya na kuacha tatu vipara. Magurudumu yasiyolingana ukubwa yanazunguka tofauti, na difu ya katikati inafanya kazi kila sekunde ya safari hadi inapika. Nunua nne. Kama huna pesa za nne, tafuta nne zilizotumika zinazolingana.

Najua mtaniambia fundi ana miaka ishirini kazini, mimi nina simu na mdomo. Sawa, ana miaka ishirini. Basi aingie kwa gari tuzunguke, masikio yake ya miaka ishirini yasikie kile ninachosikia. Fundi mzuri hawezi kukataa, na wako wengi wazuri hapa 64.

Lakini pia tuseme ukweli kuhusu pesa, kwa sababu ndiyo chanzo cha haya yote. Fundi wetu analipwa akifungua kitu. Akizunguka na wewe nusu saa, akagundua ni tairi, tunampa nini? "Asante buda, Mungu akubariki," halafu tunaondoka. Akibadilisha giaboksi anapata kazi ya siku mbili na pengine kitu kidogo kutoka kwa muuza spea. Wewe ungekuwa yeye ungesikiliza nini? Kwa hivyo tuanze kulipia kusikiliza. Mwambie mapema: nakulipa elfu moja uitafute kelele, na hufungui nati yoyote mpaka unionyeshe kwa mkono iko wapi. Akisema ni beringi, azungushe gurudumu niisikie. Akisema ni propela, aitingishe nione ikicheza.

Na ukiendelea kuamini ndivyo zinavyolia, sawa, gari ni yako. Ila beringi iliyoisha haishii kwa kuvuma. Inapata joto, inalegea, na gurudumu linaanza kucheza. Sitaki kuwa kiti cha abiria siku utakayoamua kuteremka nayo kutoka Iten kuelekea Bonde la Kerio, redio ikiwa juu.