Safari za Makundi na Heshima ya Msafiri

Kila kipupwe kiingiapo, visiwa vyetu hujaa pirikapirika za safari. Wanafunzi huenda kutembelea hifadhi za wanyama, timu za mpira huenda kucheza, na jamaa huvuka bahari kwa makundi kwenda kuoa au kuoza Bara. Jambo hilo tunaliunga mkono kwa moyo mmoja, kwani watu wasiotembeleana hawajuani. Hata hivyo, safari moja tuliyofuatana nayo hivi karibuni imetulazimisha kusema machache juu ya namna safari hizi zinavyopangwa.

Tulikuwa watu 47, wazee kwa vijana, tukitoka Unguja kumpeleka bwana harusi Iringa. Tulilala Dar es Salaam, na alfajiri ya siku ya pili tukapanda basi la kukodi. Mwendo ni wa karibu kilomita 500, na ndoa ilikuwa ifungwe baada ya sala ya alasiri. Basi lile lilichaguliwa kwa sababu moja tu, nayo ni kuwa lilikuwa rahisi kuliko mengine. Hakuna kati yetu aliyelikagua.

Mkasa wa kwanza ulitupata Morogoro. Dereva alitangaza dakika 10 za kula. Wali ulipakuliwa ukiwa wa moto hata haushikiki, na wengi wetu hatujafika tonge la tatu honi ikalia. Tulipokaribia Doma ndipo shangazi mmoja alipoona kofia imelala juu ya kiti na mwenyewe hayupo. Kijana wa miaka 12 alikuwa ameachwa hotelini. Hapakuwa na orodha ya majina, wala hapakuwa na mtu aliyetuhesabu. Tulisubiri saa nzima mpaka basi jingine likamleta, machungwa mawili mkononi, kama asiye na habari. Basi zima lilicheka. Mama yake hakucheka.

Mkasa wa pili ulikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambamo barabara kuu hupita kwa kilomita zipatazo 50. Humo tukapata pancha. Tairi la akiba lilikuwepo, lakini limekwisha meno; jeki haikuwepo kabisa. Abiria waliokuwa wamebanwa na haja tangu Morogoro walishuka kwenda "kuchimba dawa", kama lugha ya wasafiri isemavyo. Hawajafika mbali, askari wa hifadhi akatokea na kuwarudisha mbio, akiwaonyesha tembo waliosimama nyuma ya miti ambao sisi, kwa ugeni wetu, hatukuwaona. Tulikaa pale saa mbili na nusu hata dereva wa lori akatuazima jeki yake. Mzee mmoja mwenye maradhi ya kisukari alianza kutetemeka kwa njaa, na kilichomwokoa ni tende zilizochukuliwa kuwa zawadi ya ukweni.

Ukafuata mlima wa Kitonga. Mtu wa Unguja, ambaye kisiwa chake hakina mwinuko wa kufikia mita 150, hawezi kuelezwa Kitonga akaelewa mpaka aione. Wapo waliofumba macho na wapo waliosoma Yasini. Dereva, kwa haraka ya kufidia wakati uliopotea, alitaka kulipita lori penye kona. Bibi mmoja akapaza sauti kutoka kiti cha nyuma: "Mwanangu, tunakwenda kuoa, hatwendi kuzika!" Dereva akapunguza mwendo.

Tuliingia Iringa saa 1 usiku. Baridi ya huko hatukuwa tumeijua, na bwana harusi alifungishwa ndoa baada ya sala ya isha, akiwa amevaa sweta la kuazimwa juu ya kanzu yake. Wenyeji wetu walitupokea kwa ukarimu ambao hatutausahau. Safari ikaisha kwa vigelegele.

Wapo watakaosema kwamba mwisho ulikuwa mwema, basi yamepita. Sisi tunasema yamepita kwa bahati, na bahati si mpango. Wahenga walisema msafiri kafiri, nao walikusudia kuwa aliye njiani hupungukiwa na mengi, hivyo astahimiliwe. Hawakukusudia kwamba asihesabiwe, asipumzishwe na asipewe mahali pa kujisitiri.

Visiwa hivi havihitaji kufundishwa thamani ya orodha ya abiria. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu wengi kuliko uwezo wake, na baada ya hapo familia nyingi zilihangaika kujua nani alikuwamo na nani hakuwamo. Tangu msiba ule tumekuwa wakali bandarini, na inafaa tuwe hivyo. Lakini mara tushukapo melini na kupanda basi, ukali huo tunauacha gatini, kana kwamba ajali za nchi kavu haziui.

Kwa hiyo tunatoa ushauri wetu. Kwanza, kila kundi liandike orodha ya majina katika nakala mbili, moja ibaki kwa sheha na moja ichukuliwe na kiongozi wa msafara, naye ahesabu watu kila basi linapotaka kuondoka. Kazi hiyo haigharimu zaidi ya karatasi na kalamu. Pili, Wizara inayohusika na elimu isitoe ruhusa ya ziara ya skuli mpaka ione hati kwamba basi limekaguliwa, lina tairi la akiba zima, jeki na vifaa vya tahadhari, na kwamba ipo nafasi ya dereva kupumzika. Tatu, tunawaomba wenzetu wa Bara wenye dhamana ya barabara na usafirishaji wahakikishe kuwa mahali yanaposimama mabasi pana vyoo safi na muda wa kutosha wa kula na kusali. Kumtaka mama mtu mzima ajisitiri kwa kichaka, huku vijana wa umri wa wanawe wamesimama kando ya njia, ni kumvunjia heshima, na jina la mzaha halipunguzi aibu hiyo.

Na sisi wasafiri tusijitoe katika lawama. Ni sisi tuliochagua basi kwa urahisi wa bei, na ni sisi tuliokaa kimya tulipoliona tairi lile halina meno. Aliyesema alikuwa bibi mmoja tu, na neno lake moja pale Kitonga lilitufaa watu wote 47. Mwenye basi na dereva watabadilika siku abiria wote watakapokuwa na ulimi kama wake, na siku ofisa atakapoyauliza mapema yale ambayo yeye alilazimika kuyapigia kelele akiwa njiani.